Damu kwa Mizani ya Wengine

Kabla ya kupokea wagonjwa wa akili, Mathari palikuwa mahali pa kuwatengea wenye ndui. Palikuwa nje ya mji wa wakati huo, na huko nje ndiko serikali ya kikoloni ilikotaka ugonjwa ubaki. Julai 1910 majengo yale yalifunguliwa upya kwa jina la Nairobi Lunatic Asylum. Mwaka 1924 yakaitwa Mathari Mental Hospital. Wodi ziligawanywa kwa rangi ya ngozi, kama mji wenyewe ulivyogawanywa, na sehemu ya Waafrika ndiyo iliyosongamana kuliko zote.

Siku hizo ndui ilihesabiwa kuwa shauri la mwili na kinga yake, na wazimu ukawa shauri la kichwa. Ilichukua miongo mingi kabla madaktari hawajaanza kuuliza kwa dhati damu ya mgonjwa wa skizofrenia inasema nini. Katika historia hiyo Nairobi, hasa upande wake wa mashariki, imeingia mara nyingi kuliko wanavyojua wakazi wengi wa Buruburu au Kayole.

Upande huo wa mashariki, uitwao Eastlands, ulikuwa ukijengwa miaka hiyo hiyo. Pumwani ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1920, Kariokor ikafuata, kisha Shauri Moyo, Ziwani, Kaloleni na Bahati. Nyumba nyingi zilikuwa chumba kimoja, zikikusudiwa mwanamume aliyemwacha mke na watoto mashambani. Alitakiwa afanye kazi, alale, na kandarasi ikiisha arudi kwao. Aliporukwa na akili, jirani hakuwa na la kufanya ila kuita askari, naye askari akampeleka korokoroni au Mathari.

Mwaka 1938 hospitali ilikabidhiwa J. C. Carothers, daktari aliyekuwa Kenya tangu 1929 na ambaye hakuwa amesomea tiba ya akili. Alihesabu wagonjwa walioletwa kwake, na mwaka 1947 akachapisha utafiti wake katika jarida moja la Uingereza. Ndani yake mlikuwa na jambo la maana: waliofanya kazi mbali na makwao walifika Mathari kwa wingi zaidi kuliko waliobaki vijijini. Leo wanasayansi wa Ulaya huandika mengi kuhusu uhusiano wa skizofrenia na maisha ya mjini, uhamaji na upweke. Carothers alikuwa na ushahidi huo mkononi, kutoka kwa watu kama wapangaji wa vyumba vya Pumwani na Kariokor, ila aliusoma kwa miwani ya ukoloni.

Miwani hiyo ilikuwa imetengenezwa Nairobi. Mwaka 1934 F. W. Vint, mpatholojia wa maabara ya serikali, alichapisha vipimo vya bongo 100 za Waafrika waliofia hospitalini, akadai ni nyepesi kuliko za Wazungu. H. L. Gordon, aliyemtangulia Carothers pale Mathari, alizitumia hesabu hizo kuhubiri kwamba elimu ya kizungu ingemdhuru mtoto wa Kiafrika. Carothers hakuhitaji mizani ya ubongo. Mwaka 1951 aliandika kwamba Mwafrika wa kawaida anafanana na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo, na mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likamchapishia kitabu kizima kuhusu akili ya Mwafrika. Mwaka uliofuata, huku Operesheni Anvil ikizingira mitaa ya Eastlands na maelfu ya wanaume wakipakiwa malori kupelekwa kambini, serikali ilichapisha kijitabu cha Carothers kuhusu saikolojia ya Mau Mau. Madai ya ardhi yakageuzwa kuwa dalili za ugonjwa. Frantz Fanon, mwenyewe daktari wa akili, alimshambulia Carothers kwa jina katika kitabu chake cha mwisho, mwaka 1961.

Bongo za Vint hazisomwi tena kama sayansi. Mtindo wake wa kumpima Mwafrika, kuilinganisha hesabu na ya Mzungu, kisha kuita tofauti upungufu, ulihamia mahali pengine. Ulihamia kwenye damu.

Ili kuona ulivyohamia, lazima kwanza kwenda Vienna. Mwaka 1917 Julius Wagner-Jauregg aliwadunga wagonjwa wa kaswende ya ubongo damu yenye vimelea vya malaria. Alikuwa ameshuku kwa miaka thelathini kwamba homa kali inaweza kurudisha akili, na baadhi ya wagonjwa wake walipona kiasi cha kutoka hospitalini. Mwaka 1927 alipewa Tuzo ya Nobel. Tiba ikaenea dunia nzima, na malaria iliyopendwa ilikuwa ya vivax, kwa sababu homa yake hupanda na kushuka kwa ratiba na huua mara chache kuliko ile ya falsiparamu.

Huko Marekani madaktari wakakutana na kitu wasichokitarajia: wagonjwa wengi weusi walidungwa vivax na homa haikuja. Jambo hilo liliandikwa tangu miaka ya 1930, lakini sababu yake ikajulikana mwaka 1976, Louis Miller na wenzake walipoonyesha kwamba chembe nyekundu za watu hao hazina alama iitwayo Duffy, ambayo kimelea cha vivax huishika kama kitasa ili kiingie ndani. Afrika Magharibi, Kati na sehemu kubwa ya Mashariki, kukosa alama hiyo ni jambo la kawaida. Ndiyo maana vivax ni nadra kwa Wakenya, ingawa falsiparamu inawatesa.

Jeni ya alama hiyo ya Duffy itarudi katika habari hii, na safari hiyo haitakuwa ya malaria.

Dawa ya kwanza iliyotuliza skizofrenia ilitoka katika ukoo wa dawa za mzio, yaani katika jitihada za kutuliza kinga inayofurukuta bila sababu. Kampuni ya Ufaransa ya Rhône-Poulenc ilikuwa imeshatengeneza promethazini, ambayo hadi leo huuzwa katika famasi za Nairobi kwa wenye mzio na kutapika. Desemba 1950 mkemia wake Paul Charpentier aliibadili kidogo molekuli ya familia hiyo, na klopromazini ikazaliwa. Henri Laborit, daktari mpasuaji wa jeshi la majini, aligundua kwamba inamfanya mgonjwa asijali bila kumlaza. Mwaka 1952 Jean Delay na Pierre Deniker wakaijaribu kwa wagonjwa wa akili katika hospitali ya Sainte-Anne, Paris. Jina lake la biashara, Largactil, Wakenya wa rika fulani hulitamka bila kujikwaa.

Klopromazini ilipunguza minyororo na kelele wodini. Pia ilileta mwili mpya wa mgonjwa, ambao watu wa mtaa huutambua kwa mbali: mwendo wa hatua fupi, mikono isiyopunga, udenda pembeni mwa mdomo. Ngozi nayo huwa haivumilii jua, jambo ambalo halina uzito mkubwa Paris lakini lina uzito kwa mtu anayeuza mitumba Gikomba au kusukuma mkokoteni Jogoo Road kuanzia asubuhi. Wapo wanaoacha vidonge kwa sababu hiyo tu, na nyumbani wakaitwa wakaidi.

Kwa wasiomeza vidonge ikaja sindano ya mwezi. Flufenazini dekanoeti, ambayo wengi huijua kwa jina la Modecate, huchanganywa na mafuta ya ufuta. Ukimtazama muuguzi anayeitayarisha utaona: mafuta ni ya manjano, mazito, hayaingii bombani kwa haraka, kwa hiyo huvutwa kwa sindano nene na kwa subira. Huchomwa ndani ya msuli wa tako. Mafuta hubaki pale yakiachilia dawa kidogo kidogo kwa wiki mbili hadi nne. Mgonjwa huinuka, hufunga mshipi, huondoka akichechemea kidogo, na mama aliyemleta huandikiwa tarehe nyingine kwenye kadi, pamoja na vidonge vya Artane vya kupunguza kukakamaa. Mama mwenye kadi hiyo huilinda kama kitambulisho. Artane nayo ina soko lake haramu vichochoroni, kwa hiyo si kila kidonge kinachotoka kliniki hufika kwa aliyeandikiwa.

Dawa hizi zote zina kikomo kimoja. Karibu mgonjwa mmoja kati ya watatu hapati nafuu ya kutosha hata akibadilishiwa mara mbili au zaidi. Kwa hao ipo klozapini, na hapa ndipo damu inapochukua usukani.

Klozapini ilitengenezwa Uswisi mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuanza kuuzwa Ulaya mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ilitibu bila kumkakamaza mgonjwa, jambo ambalo wengi hawakuamini kuwa linawezekana. Kisha mwaka 1975 zikaja habari kutoka Finland: wagonjwa 16 walikuwa wameporomokewa na chembe nyeupe za damu baada ya kuanza dawa hiyo, na 8 kati yao walifariki kwa maambukizi ambayo mwili haukuwa na askari wa kuyazuia. Chembe zilizotoweka huitwa neutrofili, za kwanza kufika bakteria wanapoingia. Klozapini ikaondolewa madukani katika nchi nyingi.

Ilirudi kwa masharti. Mwaka 1988 John Kane na wenzake wa Marekani walichapisha jaribio la wagonjwa 268 ambao dawa nyingine zilikuwa zimewashinda: asilimia 30 walipata nafuu kwa klozapini, dhidi ya asilimia 4 kwa klopromazini. Tofauti kama hiyo ni adimu katika tiba ya akili. Dawa ikaidhinishwa Marekani mwaka 1989, na sharti lilikuwa damu: chembe nyeupe, zikiwemo neutrofili, zihesabiwe kila wiki, na aliye chini ya kiwango asianze, au aliyeanza aachishwe.

Kiwango cha kuanza kilikuwa hesabu iliyofaa wagonjwa wa Ulaya. Kwa Waafrika wengi wenye afya tele, hesabu ya chini ya hapo ni ya kuzaliwa nayo.

Jambo hilo lilikuwa limeshaandikwa. Gerald Shaper, aliyefundisha udaktari Makerere kabla ya kurudi Uingereza, alichapisha na mwenzake Lewis makala katika jarida la Lancet mwaka 1971 kwamba uchache wa neutrofili kwa watu wa asili ya Afrika ni wa kurithi. Waliotunga masharti ya klozapini miaka kumi na minane baadaye hawakuuzingatia ushahidi huo. Matokeo yake, kule London na Marekani wagonjwa weusi walinyimwa klozapini au kuachishwa mara nyingi zaidi kuliko weupe, na sababu iliyoandikwa kwenye faili ilikuwa ugonjwa wa damu ambao hawakuwa nao.

Wakati huo huo, damu ya Eastlands ilikuwa ikisomwa na dunia nzima kwa sababu nyingine. Mwaka 1985 Chuo Kikuu cha Nairobi na cha Manitoba, Kanada, vilianza kuwafuatilia wanawake wanaouza ngono Majengo, Pumwani. Frank Plummer, Elizabeth Ngugi na wenzao waligundua kwamba baadhi yao, licha ya kukutana na virusi vya Ukimwi mwaka baada ya mwaka, hawakuambukizwa. Mwaka 1996 habari hiyo ikachapishwa katika Lancet, na kliniki ndogo ya Majengo ikawa jina linalotajwa katika kila mkutano wa wataalamu wa kinga. Wanawake wale walitoa damu yao kwa miongo. Chanjo iliyotumainiwa haijapatikana, lakini kilichopatikana njiani kina faida ambayo haikukusudiwa.

Ili kumjaribia mtu chanjo, lazima kwanza ujue damu ya mtu mwenye afya inaonekanaje. Watafiti waliokuwa wakijiandaa kwa majaribio ya chanjo walilazimika kupima upya mambo ambayo vitabu vya Ulaya na Marekani vilidai kuyajua. Watafiti wa Kericho walichapisha viwango vyao mwaka 2008. Mwaka 2009 vikafuata vya watu wazima wa Kenya, Uganda, Rwanda na Zambia. Kote jibu lilifanana: neutrofili zilikuwa chache kuliko za Marekani, na kwa majedwali ya Marekani sehemu kubwa ya watu wazima wenye afya wangehesabiwa kuwa na kasoro. Mwaka huo huo wa 2009 David Reich na wenzake walionyesha sababu, nayo ni jeni ya Duffy. Ile ile iliyozuia vivax kushika katika wodi za kaswende za Marekani ndiyo inayopunguza neutrofili zinazoonekana kwenye mirija ya maabara.

Zinazoonekana, kwa sababu hazijapotea. Utafiti wa mwaka 2017 kwa panya na kwa binadamu ulieleza kwamba mwili usio na alama ya Duffy hutengeneza neutrofili za aina iliyo tofauti kidogo, ambazo huiacha damu upesi na kukaa katika wengu na tishu nyingine, tayari kwa vita. Mashine ya maabara huhesabu zilizo barabarani tu. Mtu huyo haugui mara kwa mara kuliko mwingine, wala hakuna ushahidi kwamba klozapini inamdhuru zaidi.

Mwaka 2015 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilibadili masharti: mwenye uchache huo wa kuzaliwa aweza kuanza klozapini akiwa na neutrofili 1,000 kwa kila maikrolita ya damu, na huachishwa akishuka chini ya 500. Miaka arobaini na minne ilikuwa imepita tangu makala ya Shaper na Lewis.

Hayo ni ya dawa. Kuhusu ugonjwa wenyewe, dhana kwamba kinga ina mkono katika skizofrenia imepanda na kushuka kwa karne nzima, na mara kadhaa imewaaibisha walioishabikia. Miaka ya 1950 Robert Heath wa New Orleans alitangaza kwamba ameipata protini ya wazimu katika damu ya wagonjwa. Wengine walipojaribu hawakuiona. Ushahidi wa siku hizi umekaa imara zaidi. Mwaka 2011 Brian Miller na wenzake walikusanya tafiti nyingi na kukuta kwamba mtu anapopatwa na saikosisi, baadhi ya kemikali ambazo chembe za kinga hutumiana, kama interlukini-6, hupanda katika damu, na baadhi yake hushuka tena dawa inapofanya kazi. Kidonge kinachotuliza sauti kichwani hutuliza na kinga. Ila dawa hizo hizo hunenepesha, klozapini na nyingine iitwayo olanzapini zikiongoza, na mafuta ya tumboni nayo humwaga interlukini-6. Kwa hiyo mgonjwa aliyeugua kwa miaka kumi anaweza kuwa na damu inayowaka kwa sababu tofauti kabisa na ile aliyoanza nayo.

Mwaka 2016 kikundi cha Steve McCarroll na Beth Stevens wa Boston kilionyesha kwamba aina fulani za jeni iitwayo C4 huongeza hatari ya skizofrenia. C4 ni protini ya kinga ambayo kazi yake ya kawaida ni kuwatia alama bakteria ili waliwe. Katika ubongo hutia alama viunganishi vya neva ambavyo havihitajiki tena, navyo hufyekwa, kazi ambayo huendelea hadi ujana. Inaelekea katika ugonjwa huu panga hupita mbele zaidi ya ilipotakiwa, na umri wa kufyeka huko ndio umri ambao familia nyingi huona kijana wao akibadilika.

Ugunduzi huo ulitokana na damu ya watu karibu 65,000, wengi wao wa asili ya Ulaya. Kasoro hiyo wenyewe waliiona, na huko huko Boston ukaanzishwa mradi wa NeuroGAP-Psychosis, ulioshirikisha Ethiopia, Uganda, Afrika Kusini na Kenya, ambako kazi ilifanywa na Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, na kituo cha KEMRI-Wellcome, Kilifi. Makumi ya maelfu walitoa mate na majibu ya maswali.

Tiba zinazolenga kinga moja kwa moja bado hazijafua dafu. Minosaiklini, kiuavijasumu kinachotuliza uvimbe, kilijaribiwa kwa wagonjwa wapya wa Uingereza, na mwaka 2018 ikatangazwa kwamba hakikuwasaidia. Lipo kundi moja dogo ambalo habari ni tofauti. Mwaka 2007 Josep Dalmau alieleza ugonjwa ambao kingamwili hushambulia vipokezi vya NMDA katika ubongo. Mgonjwa, mara nyingi msichana, huanza kwa kuona na kusikia yasiyokuwepo, kisha hupata degedege. Huyo hapewi Modecate kwa maisha. Hutibiwa kwa kutuliza kinga, na wengi hupona. Kumtambua kunahitaji kipimo cha maji ya uti wa mgongo, na daktari aliyekumbuka kukiagiza.

Eastlands ya leo inazidi mara nyingi ile ya Carothers. Dandora, Umoja, Kayole na Mathare zimejaa vijana, na bangi na muguka havikosekani vibandani. Kijana akianza kuzungumza na asiyeonekana, mara nyingi njia hupitia kwa mchungaji au mganga kabla ya kufika kwa daktari, na Mathari bado ni jina la kutaniana: Mei 2013 wagonjwa 40 walipotoroka kutoka wodi zake, mji ulicheka kwanza na kuuliza baadaye. Mwaka 2020 jopokazi lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza afya ya akili itangazwe kuwa janga la taifa, na Juni 2022 sheria ya afya ya akili ikarekebishwa ili huduma zisogee kaunti.

Mwaka 2025 FDA iliondoa mpango wake wa lazima wa kuripoti neutrofili kabla klozapini haijatolewa, ingawa bado inashauri damu ipimwe. Kwa familia ya Kayole inayolipa kutoka mfukoni, kizuizi kimebaki pale pale: hemogramu ya kila wiki kwa miezi ya mwanzo, nauli ya watu wawili kwenda na kurudi, na siku nzima ya kibarua inayopotea kila safari. Karatasi ya majibu ikitoka, pembeni mwa idadi ya neutrofili huwa pamechapwa kiwango cha kawaida. Daktari mzuri huuliza kwanza maabara ilikitoa wapi.